Antena ya Chini ya Daraja

4 Machi, Jumatatu

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya antena. Leo nimegundua kwamba vipimo vina kompyuta yake na mimi ndiye sina pa kulalamikia, basi nimelichukua. Naandika Kiswahili kwa sababu ya Mama, Mungu amrehemu, mtu wa Ujiji, ambaye hakukubali tuandike vile tunavyoongea kambini kwa polisi.

Lalamiko la kwanza: nimekaa saa sita nikisubiri kompyuta ipige hesabu za antena moja. Imefika asilimia tisini na mbili, umeme ukakatika. Okidi, ninayesoma naye shahada ya pili na ambaye sijawahi kumwona amekasirika, aliniambia, "Injinia, kunywa maji." Nilitamani kumpiga.

Kazi yenyewe ni hii. Bondeni, mtaa wa Namuwongo, pembeni ya reli, kuna mfereji unaopokea maji ya nusu ya mji. Mvua ikinyesha huku juu kilimani, wale wa chini huletewa maji baada ya nusu saa hivi, pengine kwao bado jua linawaka. Tumetengeneza kipima maji cha kufungwa chini ya daraja la miguu. Maji yakipanda, kinatuma ujumbe kwa redio hadi kipokezi kilicho kwenye dirisha la Baba hapa Naguru, nacho kipokezi kinapiga simu za majirani. Vipima maji viwili vya kwanza vilikuwa na antena ya fimbo, na vyote viliibwa kabla ya wiki kwisha, maana watu wa chuma chakavu wana macho. Kwa hiyo antena lazima iwe bapa, ndogo, ikae ndani ya kisanduku cha ukubwa wa sahani ya sabuni. Kuibuni antena hiyo ndiyo kazi niliyopewa mimi, na Daktari Nabangala, msimamizi wetu, anaitaka ikiwa kazini kabla mvua hazijakolea.

7 Machi, Alhamisi

Baba ameomba kuiona. Nikamwekea ya majaribio kiganjani.

"Hii iko antena?"

"Ndiyo, Baba."

"Mimi naona bisikuti."

Baba ni Sajini Abudu Rajab, opereta wa redio wa polisi kwa miaka thelathini na mmoja, sasa mstaafu. Antena zake zilikuwa waya wa mita ishirini uliovutwa kati ya milingoti miwili. Nilimweleza kwamba kwa masafa yetu antena bapa ya kawaida ingekuwa pana kama kiganja chake, haiingii kwenye kisanduku. Mimi nimechonga pete kwenye shaba ya upande wa chini wa bodi, moja ndani ya mwenzake, kila moja imekatwa mdomo. Shaba iliyopangwa hivyo ina tabia ambayo shaba haikuumbwa nayo, ndiyo maana inaitwa metamateriali. Mawimbi yakipita pale yanacheleweshwa, yanaona njia ni ndefu kuliko ilivyo, na antena ya vidole viwili inafanya kazi ya kiganja kizima.

"Na bei yake?" akauliza. Hakuna kitu kinachopungua bure kwa Baba.

Bei yake ni kwamba inasikia masafa membamba sana. Ikisogezwa kidogo tu, imekuwa kiziwi. Lakini sikumwambia hilo. Chai ilikuwa inapoa, nikasema, "Bei yake ni usingizi wangu," tukacheka.

10 Machi, Jumapili

Tumeshuka na Baba kumwona mzee Okwir. Huyu walifanya kazi naye, akiwa dereva wa gari la redio. Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi na miguu ikakataa kumbeba. Wanaishi chumba kimoja, hatua ishirini kutoka mfereji, yeye na mkewe anti Joska, anayeuza posho, yaani ugali, na maharage kando ya reli. Novemba iliyopita maji yalimkuta peke yake kitandani. Jirani yao, Masinde wa dukani, alipovunja mlango, godoro lilikuwa limeanza kuelea.

Anti Joska alinisindikiza nje akanieleza kwa sauti ya chini, ili mumewe asisikie.

"Rashidah, mimi nachoka. Kama mvua hii maji naingia tena na hakuna mtu najua mapema, mimi napeleka mzee Lira kwa ndugu yake."

"Na wewe, anti?"

"Mimi nabaki. Nani nauza posho?"

Wamekaa pamoja miaka thelathini na minane. Mzee Okwir hataki hata kusikia neno Lira, ingawa ni kwao, kule kaskazini. Nilipanda kilima kurudi nyumbani. Hadi leo antena ilikuwa kazi ya shule.

14 Machi, Alhamisi

Ramadhani, tumefunga. Nimechovya bodi kwenye dawa ya kula shaba nikiwa na njaa na harufu ile. Pete za ndani zimeliwa zote. Kesho tena.

19 Machi

Bodi ya saba. Mdomo wa pete ni nusu milimita na mkono wangu unatetemeka kuanzia saa kumi hadi adhana. Okidi, ambaye hafungi, amekula chapati yake nje ili nisimwone. Nimemwona.

22 Machi, Ijumaa

Imekubali! Bodi ya tisa imekaa kwenye masafa yake kama imezaliwa hapo. Tumeifunga chini ya daraja, Okidi akiwa ndani ya maji hadi magotini na Masinde akimshikia viatu. Kila saa kisanduku kinatuma neno moja, kwamba kipo, na kipokezi kinaonyesha limefika kwa nguvu gani. Leo: hasi tisini na sita. Ikishuka kupita hasi mia na ishirini hatusikii kitu, kwa hiyo tuna nafasi ya kutosha.

Baba ametoa kaunta buku mpya, amepiga mistari kwa rula, na ameandika juu: LOGI. Kila mara kisanduku kinapoita ndani ya saa zake za kuwa macho, anaandika saa, namba na hali ya hewa. Nilimwambia kompyuta inahifadhi yote hayo yenyewe. Akasema, "Kompyuta nalala umeme ikienda. Mimi hapana lala." Nimemwacha. Kila mzee na mchezo wake.

27 Machi

Mvua. Baba, ambaye haandiki hasi: 97.

29 Machi

Mvua. Baba: 95, 96, 96, 97. Ananisomea namba wakati wa futari kama anasoma taarifa ya habari.

5 Aprili, Ijumaa

Unyevu umeingia ndani ya kisanduku. Tumekishusha, nimekileta nyumbani, nimekausha kila kitu, nimebadilisha mpira wa mfuniko na kuuziba kwa silikoni. Nimeipima antena, iko pale pale. Ubaya tu ni kwamba silikoni inatakiwa kukaa siku kadhaa, na Idd inaingia. Nimekiweka juu ya kabati sebuleni. Baba analalamika kwamba ukurasa wake una mistari mitupu.

10 Aprili, Jumatano

Idd. Baba alipokuwa kambini, kabla ya kila sikukuu na kila ukaguzi walipaka rangi: kuta, milingoti, mapipa, hata mawe ya kando ya njia. Amestaafu lakini mkono haujastaafu. Geti letu limepakwa, tanki la maji limepakwa, na niliporudi kutoka kwa shangazi Maimunah nikiwa nimeshiba mikate ya gurusa na mchuzi, nikakuta na kisanduku changu kimepakwa rangi ya tope, safi, bila tone la kuchuruzika.

"Sasa mwizi napita hapana ona," alisema. Alikuwa amesimama na brashi mkononi na kanzu yake ya Idd, akiningoja niseme kitu.

Rangi ya mafuta ya kawaida haizuii redio, na kweli kisanduku kilikuwa hakionekani tena kama mali. Nikambusu kichwani. Wazee kumi na tano wa namna hii na ningekuwa na kiwanda.

13 Aprili, Jumamosi

Tumekifunga tena. Namba imesoma hasi mia na kumi na tatu. Okidi aliangalia simu yake, akaniangalia.

"Injinia, hii iko chini sana. Tushushe, tupime tena."

Nikamwambia ni mabati mapya ya Masinde, amepanua duka na mawimbi yanagonga pale. Nikamwambia mia na kumi na tatu bado inasikika. Nikamwambia nimeipima antena hii kwa mkono wangu na naijua. Okidi hakubishana, alivaa viatu. Tukaenda Kabalagala kula samaki, nikasahau.

18 Aprili

Jua kali. Dr. Nabangala ameisifia antena mbele ya darasa, kwa Kiingereza chake cha polepole. Nimejifanya sijali.

23 Aprili, Jumanne

Nimeshika kalamu mara tatu na kuiweka.

Mvua ilianza saa saba mchana huku Naguru, ile nene isiyoonyesha nyumba ya jirani. Nilikuwa nyumbani. Saa nane kisanduku kilitakiwa kuita. Hakikuita. Baba alikuwa kwenye kiti chake dirishani, kaunta buku magotini, na saa nane na dakika mbili akasema tu, "Hakuna." Nikasema mvua ni nzito, tukisubiri itaita. Saa nane na nusu akaniambia, "Rashidah, piga simu." Nikapiga ya anti Joska, haikupokelewa, alikuwa ameiacha kwenye mkoba chini ya meza ya posho. Nikapiga ya Masinde, imezimwa. Baba alikuwa amekwisha kuvaa mabuti. Nilimwambia abaki, akanitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tangu nikiwa mtoto, tukapanda boda wote wawili na mwendeshaji akiwa wa tatu.

Tulipofika reli, maji yalikuwa yameshaingia vyumba vyote vya mstari wa chini. Watu walikuwa wanavusha magodoro na watoto. Mzee Okwir alikuwa ametolewa dakika chache kabla yetu. Vijana wanne walimbeba kwenye mlango uliong'olewa. Maji yalikuwa yamemfika kifuani, kwa sababu amelala na hawezi kukaa. Alikuwa ameshika kamba ya chandarua kwa mkono wake mmoja mzima, akiinua kichwa. Anasema alishika kwa muda mrefu. Midomo ilikuwa ya kijivu. Alipomwona Baba alijaribu kupiga saluti, mkono ukashindwa.

Anti Joska alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto za reli akimfuta uso kwa kanga. Hakuniangalia. Nilisema, "Anti, nisamehe." Akasema, "Saidia shika miguu." Nikashika miguu. Ilikuwa baridi na myepesi kuliko nilivyofikiri. Tukampeleka hospitali.

Niliwaambia watu wale kwamba wataambiwa mapema. Niliwazoesha kukaa bila kutazama mfereji.

25 Aprili

Mzee Okwir ana homa ya mapafu, lakini anapumua vizuri na anadai chai. Anti Joska alinikaribisha kwenye benchi akanimegea mkate.

"Mimi hapana kasirika na wewe," alisema. "Wewe najaribu. Lakini mwezi wa tano ikiisha, mzee naenda Lira. Mimi naambia yeye jana. Yeye nalia."

Nilikula ule mkate, sijui hata ulikuwa na ladha gani.

26 Aprili, Ijumaa

Dr. Nabangala hakunigombeza, na ningependa anigombeze. Alisema kifaa kilichonyamaza ni kibaya kuliko kutokuwa na kifaa, kwa sababu watu wanakitegemea. Nina hadi tarehe kumi Mei kumwonyesha kwa nini kilinyamaza. Nisipojua, kitaondolewa na antena yangu itabaki kuwa michoro ndani ya tasnifu.

28 Aprili

Nimebuni upya mara tatu kwenye kompyuta. Pete za mviringo, pete za mraba, pete tatu. Zote nzuri. Ile ya zamani pia ilikuwa nzuri. Baba amekuja mara mbili na chai, na mara mbili amesimama mlangoni kama ana neno, nikasema, "Baadaye, Baba."

30 Aprili, Jumanne

Dr. Nabangala ametaka kumbukumbu ya kila saa tangu Machi. Nimefungua kompyuta ya kipokezi: umeme ulikatika wiki ya Idd na faili likaharibika. Hakuna kitu. Nikaenda kuazima kaunta buku ya Baba, nikiona aibu kidogo.

Ni kazi ya kupendeza. Saa, namba, mvua au jua, kwa mwandiko ule wa opereta usiopinda. Machi yote: 96, 97, 95, 96. Mvua au jua, haibadiliki. Tarehe tano Aprili mstari, "Kituo kimeshushwa." Halafu tarehe kumi na tatu: 113. Halafu 113, 112, 114. Hata siku za jua kali. Tarehe kumi na saba jioni mvua ndogo: 118. Yote yalikuwa pale, yameandikwa kwa wino wa buluu na mzee niliyedhani anacheza. Pembeni ya tarehe kumi na tano aliandika: "Sauti imekuwa mbali. Nitamwambia R. akitulia."

R. hakutulia. R. alisema baadaye, Baba.

Haikuwa mvua basi, wala mabati ya Masinde, kwa maana Masinde alipanua duka mwezi wa tatu. Ilikuwa kitu kilichotokea kati ya tarehe tano na tarehe kumi na tatu. Nilimpigia Okidi, akaenda kuking'oa kisanduku, tukakiweka kwenye mashine ya kupimia. Antena ilikuwa imehama. Imeteremka chini ya masafa yake, mbali kabisa. Tulipokimwagia maji ikateremka zaidi. Nikatoa bodi nje ya kisanduku, ikarudi pale pale. Basi tatizo ni kisanduku chenyewe. Okidi akachukua wembe akakwangua mfuniko.

Chini ya rangi ya tope kulikuwa na nyingine, inang'aa. Silva. Ile ya tanki la maji.

Okidi aliurudisha ule wembe mezani taratibu. "Injinia," alisema, "usimwambie mzee." Mara ya kwanza kusikia sauti yake ikibembeleza hivyo.

1 Mei

Sikukuu. Sijamwambia. Baba amenipikia mayai.

Nimefikiri kusema ni unyevu. Angeamini. Ana miaka sabini na moja, na mzee Okwir ni rafiki yake wa mwisho aliye hai, na ningemwambia kwamba brashi yake ndiyo iliyokiziba mdomo kisanduku kilichokuwa kikimlinda. Nani anafaidika? Lakini kila nikiandika ripoti kwa Dr. Nabangala nafika neno "unyevu" na mkono unakataa. Yeye kwenye logi yake hajaandika hata namba moja ya uongo.

2 Mei, Alhamisi

Nimemwambia baada ya swala ya alasiri. Nilimwekea mfuniko magotini, upande uliokwanguliwa ukiwa juu.

Aliuangalia. "Rangi hapana shika bila silva chini," alisema, polepole, kama anamfundisha kuruta. "Ukipaka juu ya plastiki hivi hivi, mwezi moja inabanduka. Sisi wote tunafanya hivyo." Halafu akagusa pale palipokwanguliwa. "Silva iko nini ndani yake?"

"Unga wa aluminiamu, Baba."

Sikuwa na haja ya kueleza zaidi. Miaka thelathini na mmoja ya antena. Nilimwona akielewa.

"Mimi nafunika antena na bati," alisema.

Nilimwambia antena yake ya mita ishirini isingejali rangi kidogo. Hii yangu ndiyo nyonge, ndiyo bei ya udogo, na siku aliponiuliza bei mimi nilifanya mzaha. Nilimwambia niliiona namba na Okidi akanionya. Nilisema mambo mengi. Alikuwa ananisikiliza nusu tu. Alivua kofia yake akaiweka kwenye goti, akaomba kaunta buku na kalamu. Kwenye redio ya polisi, aliniambia, kituo kikizimika, opereta mwenye kosa huandika mwenyewe, kwa jina lake, kabla mkubwa hajauliza. Aliandika kwenye mstari wa tarehe ishirini na tatu: "Kosa la opereta. Silva juu ya kituo. A. Rajab."  Nilichukua kalamu, chini yake nikaandika: "Injinia aliona namba, hakupima. Rashidah A."

Akasoma. Akasema mwandiko wangu unapinda.

Sijawahi kumpenda kama leo, na nimekuwa nikimpenda siku zote.

4 Mei, Jumamosi

Mzee Okwir amerudi nyumbani. Baba alikataa nisimame badala yake. Aliingia, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akasema yote, moja baada ya jingine, na anti Joska akiwa mlangoni na mwiko mkononi.

Mzee Okwir alimsikiliza hadi mwisho. Mdomo wake upande mmoja hausogei, kwa hiyo hujui kama anacheka hadi mabega yaanze.

"Wewe Abudu," alisema. "Pale barracks mawe yote ulipaka. Taili ya gari yangu ulipaka. Kuku kama nasimama dakika moja, wewe napaka. Mimi nashangaa wewe hapana paka mimi."

Baba alijaribu kucheka, ikatoka kilio. Wakakaa hivyo, mikono imeshikana juu ya blanketi. Anti Joska alirudi kwenye sufuria yake. Baada ya muda akasema bila kugeuka, "Mwezi nakwisha tarehe thelathini na moja. Mimi nangoja mpaka siku hiyo. Nafasi moja tu."

7 Mei

Dr. Nabangala amesoma kurasa za logi, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na miwani juu ya kichwa. Amerejesha ruhusa. Ameuliza kama Baba anaweza kuja kuzungumza na darasa. Baba anasema hana suti. Anayo.

9 Mei, Alhamisi

Kisanduku kipya, antena ile ile. Safari hii nimemweleza Baba kila kitu, pete, masafa, kila kitu, naye ameuliza maswali ambayo Okidi hajawahi kuniuliza. La mwisho: "Plastiki hapana sumbua?" Nikasema haisumbui. Akatoka, akarudi na mtungi wa plastiki wa maji uliopasuka, mchafu, wa manjano iliyokufa, akaukata kwa msumeno kipande cha kufunika kisanduku kizima. "Takataka," alisema. "Mwizi naona takataka." Mfereji umejaa mitungi ya namna hiyo.

Tumepima kikiwa kimevaa. Tumekimwagia maji, tumepima tena. Okidi akapima mara ya tatu bila kuniuliza, nami nikamshikia kisanduku. Chini ya daraja: 95.

13 Mei

95. Jua.

16 Mei

Mvua kidogo, 96. Anti Joska sasa anafunga simu shingoni kwa kamba ya kiatu. Nimeona mfuko wa nguo za mzee Okwir umefungwa tayari, uko nyuma ya mlango. 

21 Mei, Jumanne

Saa tisa na dakika kumi na nane, kipokezi kilipiga kelele ambayo tulikuwa hatujawahi kuisikia isipokuwa kwa majaribio. Huku Naguru mvua ilikuwa na dakika kumi tu, lakini vilima vya nyuma vilikuwa vimetangulia. Baba aliandika saa kabla ya kufanya jambo jingine lolote, kisha akaniambia, "Nenda. Mimi nakaa na redio."

Nilipiga simu njiani. Ya anti Joska ilikuwa inatumika. Ya Masinde inatumika. Nikapiga tena na tena nikiwa mgongoni mwa boda, maji yakiniingia machoni, nikajiambia inatumika maana yake wanaambizana, halafu nikajiambia pengine mtandao tu umekufa. Pale reli mwendeshaji alikataa kuendelea. Nilishuka nikavuka kokoto, nikateremka upande wa pili, maji yakawa magotini, yakawa mapajani. Mlango wa mzee Okwir ulikuwa wazi na maji yanaingia na kutoka kama mwenye nyumba. Niliita. Nikashika miimo ya mlango nikachungulia.

Godoro lilikuwa limezama. Mto wake ulikuwa unaelea pembeni ya ukuta. Kitandani hakukuwa na mtu.

"Wewe mtoto ya Abudu!" sauti ilitoka juu, upande wa reli. "Nani nakutuma kwa maji? Toka huko!"

Mzee Okwir alikuwa juu ya tuta, kwenye kiti cha duka la Masinde, amefunikwa turubai, na vijana sita wamemzunguka wakilowa mvua. Nguo zake zilikuwa kavu hadi kwenye soksi. Anti Joska alikuwa anamshikia kikombe. Nilipowafikia, anti alinivuta ndani ya turubai, akaniambia simu ililia akiwa anasonga posho, na walikuwa wameshamfikisha juu na kurudi kuchukua sufuria kabla maji hayajafika hata kizingiti.

"Na Lira, anti?"

"Lira nabaki huko huko," alisema. "Mzee nakaa na mimi."

Nikampigia Baba. Alipokea kabla haijalia mara ya pili. Nilimwambia maji yamefunika kitanda na hakuna mtu juu yake, mzee Okwir yuko juu ya tuta, mkavu. Nikasikia anavuta pumzi, kisha akaniomba nirudie. Nikarudia.